Panda, si Uma

Miongoni mwa dhana za kompyuta zinazowatatiza wafasiri ni ile ya mchakato, yaani programu iliyo kazini, kujizalia nakala. Dhana hii ilielezwa na Melvin Conway mwaka 1963, ikaenea kwa mfumo wa Unix, ulioanza kuundwa mwaka 1969 katika maabara za Bell, Marekani. Kwa kuwa jina lake la Kiingereza ni lile lile la chombo cha kulia, mfasiri mwenye haraka huandika "uma". Hatuafiki.

"Mgawanyo" nao haufai. Kigawanywacho hupungua, ilhali hapa mzazi na mtoto wote huwa wazima, nao huendelea kutoka hatua ile ile. Mfumo humjibu mtoto sifuri, na mzazi humpa nambari ya mtoto, ili kila mmoja ajitambue. Kwa hiyo twapendekeza nomino "panda" na kitenzi "kutoa panda". Mwalimu wa Tingi, wilayani Kilwa, ataitolea mfano njia panda ya Nangurukuru, ambapo barabara ya Kilwa Masoko huachana na ile iendayo Lindi.

Hata hivyo, istilahi njema yahitaji fasili ya haki. Faida ya panda ni kwamba mtoto, kabla ya kupakia programu nyingine, aweza kuelekeza matokeo yake kwenye faili bila kumgusa mzazi. Tena akianguka, mzazi husalimika. Hasara zake ni nzito. Mchakato wenye nyuzi nyingi huzaa mtoto mwenye uzi mmoja tu; kufuli lililoshikwa na uzi usiorithiwa laweza kubaki limefungwa daima. Aidha, ingawa siku hizi kurasa za kumbukumbu hunakiliwa pale tu zinapobadilishwa, mchakato mkubwa huchelewa kutoa panda. Mwaka 2019 Andrew Baumann na wenzake walitoa hoja kwamba njia hii imepitwa na wakati.

Basi mfano wa barabara una mpaka wake: njia panda haimtwishi msafiri mzigo, bali mtoto wa mchakato hurithi mzigo wa mzazi. Fasili na iseme hivyo: "Panda: tendo la mchakato kuzaa nakala yake, inayorithi kumbukumbu yote ya mzazi, lakini uzi mmoja tu." Maneno hayo ya mwisho yakiachwa, mwanafunzi atapata jina, asipate maarifa.