Ile W ya Kutendwa

Kiswahili kimemwekea mchambuzi wa riwaya mizani ya bure, nayo ni ile w ya kutendwa. Ndiyo inayotenganisha kuoa na kuolewa, na ukitaka kujua kama binti wa hadithi ni shujaa au ni mzigo, orodhesha vitenzi vyake uone ni vingapi vinavyoibeba. Bella Swan wa Twilight, riwaya ya Stephenie Meyer ya mwaka 2005, ameelemewa nayo. Anaokolewa gari lisimponde kwenye maegesho ya shule. Anaokolewa tena na wanaume wanaomfuatilia mitaani Port Angeles. Anaumwa na mnyonya damu katika chumba cha kufundishia ballet, kisha ananyonywa sumu mkononi na Edward, mpenzi wake ambaye naye ni mnyonya damu, yuleyule aliyemwokoa mara mbili za kwanza. Kitabu cha pili hakijafika mbali anaachwa msituni. Dawa ambayo wasomaji na waandishi wengi waliipendekeza ni nyepesi: mpe binti nguvu za ajabu. Dawa hiyo, kwa maoni yangu, inashusha homa na kuiacha malaria palepale. Nguvu hupanua anachoweza mhusika. Anayebeba kisa ni yule ambaye uamuzi wake ukiuondoa, kisa kinakwama.

Meyer mwenyewe alimpa Bella nguvu, tena kwa ufundi ambao hausifiwi vya kutosha. Mbegu imepandwa tangu kitabu cha kwanza: Edward husikia mawazo ya kila mtu isipokuwa ya msichana huyu mmoja, na Bella anashuku kuwa akili yake ndiyo yenye kasoro. Mwaka 2006, katika New Moon, Jane, mnyonya damu anayetesa watu kwa kuwatazama tu, anamtazama Bella, na hakuna kinachotokea. Breaking Dawn ya 2008 ndiyo inayoitaja kasoro ile kwa jina lake: ni ngao. Kate, ambaye ngozi yake hupiga shoti kama waya wa umeme, anamfundisha kuitandaza ngao hiyo iwafunike wengine, na anayepigwa shoti hadi Bella aelewe somo ni Edward. Kama upandaji wa dokezo, ni kazi safi. Lakini kwenye uwanja wa theluji, jeshi la Volturi, watawala wa wanyonya damu, likiwa mbele yake, ngao inazuia tu. Kinachomaliza ugomvi ni Alice, dada yake Edward, kutokea na shahidi aliyemtafuta mbali. Linganisha na Volterra, mji wa Italia katika kitabu cha pili, ambako Bella hana nguvu yoyote: anakimbia katikati ya umati, anapita ndani ya maji ya chemchemi ya uwanjani, na kumzuia Edward asijitokeze juani, jambo ambalo lingemletea kifo. Kwangu hapo ndipo anapotenda kuliko popote katika mfululizo mzima, naye ni binadamu mtupu mwenye soksi zilizolowa.

Kuna wanaosema lawama hizi zinamwonea Bella kwa sababu ni msichana. Meyer alilijibu hilo mwaka 2015 kwa Life and Death, ambamo aligeuza jinsia: Beau ndiye binadamu, Edythe ndiye mnyonya damu, na mvulana anaokolewa vilevile. Jibu hilo lina uzito. Linaonyesha kwamba w ile imefungwa kwenye nafasi ya mhusika ndani ya kisa, na yeyote atakayeketishwa hapo ataivaa. Ila kwa sababu hiyohiyo haiponi kwa nguvu zinazokuja kitabu cha nne, kisa kikiwa kimekwisha kujengwa juu ya wengine.

Kristin Cashore alianzia upande wa pili. Katsa wa Graceling, ya 2008, anakuja na nguvu tele tangu ukurasa wa mwanzo, na ndizo zinazomfunga. Akiwa mtoto alimuua kwa pigo moja ndugu mmoja wa ukoo aliyemnyemelea. Tangu hapo mjomba wake, Mfalme Randa, anamtumia kuwavunja mikono wanaomkera. Ana karama na hana uamuzi. Anaushika uamuzi siku anapokataa amri mbele ya baraza zima la mfalme: angeweza kuwamaliza wote waliomo, na kazi ngumu ya siku hiyo ni kuizuia mikono yake. Kisha Cashore anamletea adui asiyepigika kwa ngumi, Mfalme Leck, ambaye lolote alisemalo huaminiwa na anayelisikia. Katsa akiwa na ukungu kichwani anamsikia akianza kuitoa siri ya Po, mpenzi wake, na kabla neno halijatoka kisu kimeshaingia mdomoni mwa Leck. Mkono uliorusha ni wa karama. Sababu ya kuurusha ni yake mwenyewe.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya kumpa binti nguvu linaihusu Akata Witch ya Nnedi Okorafor, ya 2011. Sunny, msichana wa miaka 12 anayeishi Aba, Nigeria, ana ualbino, na uwezo wake wa kutoweka machoni pa watu umefungamanishwa na hali hiyo. Msomaji wa Tanzania, ambako watu wenye ualbino wamewindwa kwa ajili ya viungo vyao, ana haki ya kushtuka. Okorafor amejikinga kwa njia mbili: vipawa vinatokana na kasoro za kila namna, maana Orlu, ambaye herufi humchanganya akisoma, ndiye afumuaye uchawi wa wengine; na anayeua watoto ili apate nguvu ndiye adui wa kitabu. Sidhani kinga hiyo inamtosha msomaji wa juujuu. Lakini angalia anachofanya mwandishi na mpira. Sunny alikuwa akicheza usiku kwa sababu jua lilimchoma. Baada ya kuingizwa katika jamii ya Chui, yaani watu wenye uchawi, anaweza kucheza mchana, na anaingia uwanjani msichana pekee kati ya wavulana. Uchawi umemwondolea jua tu. Chenga alikuwa nazo tangu gizani.