Umri wako si sababu: Birere na listi ya wenye kusaidiwa

Ndugu na dada wahitimu, tuseme ukweli kidogo.

Hapa Birere nyumba ya mbao inagusa ingine. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita humu mpaka ziwani, na moto nao hauachi kurudi. Kisha inakuja listi ya wenye kupewa mbao na mabati. Mwaka moja nilikuwa nimesimama pale. Koko mjane aliambiwa, « Watoto watakujengea. » Kijana yatima mwenye kulea wadogo wake aliambiwa, « Wewe ungali na nguvu, ngoja. » Wote wawili wakaondolewa sababu ya miaka yao. Hakuna aliyeandika malalamiko, hata mimi.

Sheria inasema nini? Katiba ya 2006, kifungu 48, inahakikisha haki ya makao mazuri. Kifungu 49 kinawapa wazee ulinzi wa pekee. Lakini soma kifungu 13: kinakataza ubaguzi wa dini, kabila, makao, mawazo... umri haumo! Kijana wetu anabaki na kifungu 12 tu, kwamba wote ni sawa mbele ya sheria. Hilo ni tundu, na sisi tuliosoma droit tumelinyamazia.

Marekani, sheria ya 1975 inakataza kubagua mtu kwa umri katika programu zenye pesa ya serikali kuu, za nyumba pia. Mlalamikaji ana siku 180 za kuandika. Kwanza pande mbili zinaketi na mpatanishi, siku 60 hazipiti. Wakikosa kupatana, uchunguzi unaanza. Si kusema kule ubaguzi umekwisha. Ila mlango uko, na unajulikana.

Kwetu, kifungu 27 kinampa kila Mkongomani haki ya kuandikia wakubwa, nao wajibu ndani ya miezi 3. Tume ya taifa ya haki za binadamu, CNDH, iliundwa 2013 kwa kazi ya kuchunguza. Utaniuliza: tangu Januari 2025 mji uko mikononi mwa M23, nani atajibu? Swali ni la kweli. Lakini dosie ambayo haikuandikwa, hakuna serikali itakayoisoma.

Basi tuandike: tarehe, sababu iliyotajwa, mashahidi wawili. Na jambo moja tusilegeze: aliyeandika listi asiwe yeye tena wa kukata malalamiko.

Kwenu kartié, mambo iko namna gani?