Maneno ya Kiwandani, Pumzi ya Mtu

Kila Februari ikikaribia, sisi tunaopenda katuni ya Futurama tunarudi kwenye ubishi mmoja: je, Fry alimwambia Leela kwamba anampenda kwa maneno, au kwa pumzi? Ubishi unatokana na "Love and Rocket", episodi iliyorushwa Marekani kwa mara ya kwanza tarehe 10 Februari 2002, siku nne kabla ya Siku ya Wapendanao. Wengi ninaobishana nao husema ni pumzi, na kwamba maneno yalikuwa utoto tu. Mimi sikubaliani nao, na sababu zangu nyingi zinatoka nyumbani Ipole.

Kwa asiyeijua, Futurama ilianza mwaka 1999, kazi ya Matt Groening, yuleyule wa The Simpsons. Fry, kijana anayepeleka piza New York, anagandishwa kwa bahati mbaya usiku wa kuamkia mwaka 2000 na kuzinduka miaka 1000 baadaye. Huko mbele anapata kazi ileile ya kupeleka mizigo, safari hii kwa chombo cha anga cha kampuni iitwayo Planet Express. Nahodha wake ni Leela, mwanamke mwenye jicho moja. Fry anampenda, Leela hamchukulii kwa uzito. Mwenzao ni Bender, roboti mlevi, mwizi, asiye na haya.

Katika episodi hii kampuni inapata kandarasi ya kusambaza pipi za Siku ya Wapendanao, zile ndogo zenye umbo la moyo na maneno mawili matatu yaliyochapwa juu yake. Fedha zikiingia, Profesa mwenye kampuni anakiwekea chombo programu mpya yenye nafsi ya kike, kwa sauti ya Sigourney Weaver. Bender na chombo wanapendana. Bender anachoka, anaanza kuzurura na wengine, kisha anakiacha katikati ya safari. Chombo kinarukwa na akili. Kinazima hewa na kuelekea kwenye kwaza, kiini cha galaksi chenye nguvu ya kutisha, ili kiungane na mpenzi wake milele. Aliyetazama 2001: A Space Odyssey, filamu ya Stanley Kubrick ya mwaka 1968, ataitambua kompyuta HAL mara moja, ila hii ina wivu.

Muda wote huo Fry anachambua pipi. Ana shehena nzima mbele yake na anatafuta moja tu yenye maneno yanayomfaa Leela. Hewa inapokatika, Leela anaingia ndani kuuzima ubongo wa chombo, na Fry anagundua kwamba mtungi wa Leela unakaribia kuisha. Anauunganisha wa kwake kwenye wa Leela bila kusema neno, kisha anazimia. Leela anapomzindua, Fry anakohoa pipi iliyomkwama kooni. Maneno yaliyo juu yake yanamwambia Leela kwamba anamwacha mtu bila pumzi.

Niliitazama tena na binamu zangu wawili na rafiki yao mrina asali, kwenye laptop, hapo Ipole, wilaya ya Sikonge. Nilikuwa natafsiri kwa sauti, kama Lufufu alivyozitafsiri filamu za kigeni kwa watazamaji wa vibanda umiza, ila bila kipaji chake. Binamu yangu anayeendesha bodaboda aliikataa pipi papo hapo.

"Dada, huyo anapoteza muda. Maneno ya kiwandani unampaje mtu unayempenda? Ni sawa na kufowadi SMS."

"Na wewe kaka, za kwako si zote za kufowadi?" mdogo wake wa kidato cha nne alimjibu. "Tunazijua."

Mrina asali alisubiri kicheko kiishe. Hoja yake ilikuwa nzito zaidi. Alisema Leela hakuulizwa. Mtu anakupa hewa yake kimyakimya, akifa unabaki na deni ambalo hukulikopa.

Nianze na hoja ya binamu, maana ndiyo ya wengi, na historia ya pipi hizo inampa haki. Mwaka 1847 Oliver Chase wa Boston alibuni mashine ya kutengeneza vidonge vya pipi. Mwaka 1866 ndugu yake Daniel akapata njia ya kuchapa maneno juu yake. Kampuni ya Necco iliyorithi kazi hiyo ilifungwa mwaka 2018, na kampuni ya Spangler ikaendelea nayo. Mwaka 2024 Spangler waliuza kwa makusudi pipi zenye maneno yaliyofifia yasiyosomeka vizuri, kwa ajili ya watu ambao hawajui uhusiano wao uitwe nini. Yaani hata utata wa mapenzi sasa unapakiwa kwenye boksi.

Lakini sisi tumevaa maneno ya kiwandani kwa zaidi ya karne moja. Kanga ina pindo, mji na jina. Anayetajwa kuwa mwanzilishi wa majina ni mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, mwanzoni mwa karne ya 20. Kanga yenye jina lilelile huchapwa kwa wingi na kuuzwa kila soko, na bado sijamsikia mwanamke aliyepewa kanga akaikataa kwa sababu jirani anayo kama hiyo. Anachouliza ni: kwa nini amenichagulia hii? Na anayetaka kumrushia jirani kijembe huvaa lake, akapita mlangoni pake taratibu, na akishtakiwa anasema alipenda rangi tu. Maneno ni ya kila mtu, ila kuyachagua na kuchagua siku ya kuyavaa ni kwako peke yako.

Bibi yangu ana kanga moja ambayo haivai. Babu aliinunua Tabora mjini baada ya kuuza tumbaku, na babu hakujua kusoma. Bibi husimulia kwamba alimsimamisha muuzaji amsomee kanga moja baada ya nyingine, mpaka muuzaji akachoka, mpaka aliposikia jina alilolitaka. Bibi naye hakujua kusoma, kwa hiyo alisomewa na mtoto wa jirani, na kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa umeshajua. Jina lenyewe hataki niliandike. Babu alifariki kabla sijazaliwa na hakuacha barua hata moja. Kitu pekee alichomwambia bibi ambacho bado kinasomeka kilitungwa na mtu mwingine, mtu ambaye pengine hakuwahi kuisikia Ipole.

Kwa hiyo Fry akipekua pipi, simwoni mvivu wa maneno. Namwona mteja anayemchosha muuzaji.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa Unyamwezi angeliona upesi: Fry ni mpagazi. Katika karne ya 19, wanaume kwa wanawake wa huku walibeba pembe kwenda pwani na kurudi na vitambaa, mizigo ya kilo 30 hivi mabegani, mali ya watu wengine. Kitambaa kilichosifika zaidi kiliitwa merikani. Kilikuja Zanzibar kwa meli za Salem, Massachusetts, jimbo lilelile ambako baadaye pipi zingeandikwa maneno. Mpagazi alipita na mali ya kutosha kuoa mara kumi, na hata pima moja haikuwa yake. Fry naye yumo ndani ya shehena ya mapenzi ya wateja. Pipi ni za kampuni, chombo ni cha kampuni. Cha kwake humo ndani ni hewa ya kwenye mtungi tu, na hiyo ndiyo anayoitoa.

Ndiyo maana siwezi kutenganisha maneno na pumzi. Sentensi iliyo kwenye pipi ni ya kuchosha, tumeisikia mara elfu. Inakuwa kweli kwa sababu aliyeitoa hana hewa kifuani. Na hapa ndipo ninapomjibu mrina asali. Bila pipi, Leela angebaki na deni tu. Pipi inamweleza ile hewa ilikuwa na maana gani, na akishaelezwa anaweza kukubali au kukataa. Leela hakuwa mpenzi wa Fry siku ile. Waandishi waliendelea kuwazungusha kwa miaka mingi, na naona walifanya vyema.

Kasoro kubwa iko upande wa pili wa hadithi. Chombo nacho kilipewa maneno ya kiwandani: nafsi yake ni programu iliyonunuliwa. Kilipenda kwa alichopewa, kama Fry. Lakini kwa Fry waandishi wanayaamini maneno ya kuazima, na kwa chombo wanayafanya wazimu wa mwanamke mwenye wivu, tumcheke kisha tumzime. Bender aliyedanganya anatoka salama. Ukikumbuka kwamba Weaver ndiye aliyeokoka peke yake, yeye na paka, katika Alien ya mwaka 1979, kumpa nafasi hii ni utani wenye ladha chungu. Binamu yangu wa kidato cha nne aliuliza kwa nini hakuna aliyemwomba radhi huyo chombo. Sikuwa na jibu la kuwatetea waandishi.

Hata hivyo, mwisho wa episodi unaonyesha kwamba walijua walichokuwa wanasema kuhusu pipi. Kabla ya ugomvi wa wapenzi, shehena ilipelekwa sayari ya Omicron Persei 8, na mtawala wake na mkewe wakaonja, wakasoma, wakatukanika hadi wakarusha makombora. Mwishoni pipi zilizobaki zinatupwa kwenye kwaza. Zinalipuka, anga linajaa mwanga mzuri, wapenzi duniani wanatazama juu, na msimulizi anatuarifu kwamba mwanga huo wa mapenzi uliangamiza sayari nyingi. Ni pipi zilezile, zenye maneno yaleyale. Hizo hazikuwa zimechaguliwa na mtu kwa ajili ya mtu.