Wekundu Uliotulia

Nyekundu kali haihitaji fundi. Huita macho tangu ng'ambo ya barabara, na ndiyo maana mabango ya bei nafuu hayakosi kuitumia. Kazi ninayoistahi mimi ni ya yule anayeichukua nyekundu hiyo, akaituliza mpaka ikakaribia kahawia, rangi ya tofali au ya ngeu ambayo seremala hupigia mstari, na bado ikaweza kuita.

Haitulizwi kwa kutiwa nyeusi. Wengi huanzia hapo, na rangi hupooza na kuchafuka. Katika uchapaji wa wino nne, nyekundu hutokana na majenta na njano. Kinachoipunguza ukali bila kuiua ni sayani, rangi iliyo mkabala nayo, tena kwa kipimo kidogo sana. Sayani ikizidi na njano ikipungua, unaangukia zambarau. Njano ikizidi, umepata kutu. Kati ya makosa hayo mawili pana nafasi nyembamba, na mchapaji mzuri huitafuta kwa subira: hutoa karatasi moja, huiweka chini ya taa nyeupe ya kelvini 5000, huilinganisha na sampuli, hurudi mashineni kurekebisha wino, hutoa nyingine. Balbu ya mwanga wa manjano ingemdanganya, kwa kuwa chini yake wekundu huonekana umezidi.

Karatasi nayo ina lake. Ile isiyong'arishwa, ya vitabu, hunywa wino. Nukta hutanuka, rangi ikawa nzito na ikapoteza uhai. Fundi anayelijua hilo huianza rangi ikiwa nyepesi na safi kuliko anavyoitaka, akaiachia karatasi imalizie. Hapo ndipo ninapostaajabu: anaandaa rangi asiyoitaka ili apate anayoitaka.

Kwenye herufi ndogo shida ni nyingine. Nukta za wino tatu zisipokutana sawasawa, hata kwa sehemu ya kumi ya milimita, kingo za herufi huingia ukungu. Dawa ni kuchanganya wino mmoja maalumu unaopita mashineni mara moja. Kitabu cha rangi mbili, nyeusi na hii, huhitaji pleti mbili tu badala ya nne, na machoni pangu mara nyingi hupendeza kuliko kilichojaa rangi zote. Wanakili wa misahafu ya Siyu, kisiwani Pate, waliijua nguvu ya rangi chache: maandishi meusi, kisha nyekundu na njano kwa mapambo.

Kwenye kioo cha kompyuta au simu hakuna wino, kuna mwanga, na kahawia haina mwanga wa kwake. Ni chungwa au nyekundu iliyofifishwa, na jicho huiona kahawia pale tu inapozungukwa na kitu king'avu zaidi. Iweke peke yake gizani, ukahawia wake hutoweka. Kwa hiyo mbunifu hodari hachagui rangi hii bila kuwachagua majirani zake. Pembeni ya kijani huzidi kuwa nyekundu. Pembeni ya nyekundu kali huonekana ya udongo mtupu. Mfaransa Chevreul aliyaeleza mambo ya namna hii mwaka 1839, baada ya kuchunguza nyuzi za mazulia na mapazia ya kiwanda cha Gobelins, na yangali kweli kwenye simu.

Rangi ambayo vivinjari huitambua kwa jina la “brown” (kahawia) ina vipimo 165, 42 na 42, yaani nyekundu nyingi na kijani na buluu kidogo. Juu ya nyeupe hutofautiana nayo kwa kiwango cha 7 kwa 1 na ushei, wakati maandishi ya kawaida yanatakiwa kufikia 4.5 kwa 1. Inabeba aya nzima bila kumchosha msomaji. Kasoro yake ni kwa wasiotofautisha nyekundu na kijani, ambao wanaweza kuiona karibu na nyeusi. Viungo vya kubofya vilivyotiwa rangi hii vipigiwe mstari chini.

Nawe unayepeleka kitabu au jarida kiwandani, usiidhinishe rangi hii kwa kuitazama kwenye simu. Omba sampuli iliyochapwa kwenye karatasi ileile itakayotumika, itoe nje uitazame mchana, na umpe mchapaji muda wa kuirudia.