Gharama ya Kumbukumbu: Tambiko la Kubuni katika *The Giver* na *Dune*

Miongoni mwa matambiko ambayo watunzi huubunia ulimwengu wao wa kinjozi, lile la kurithishana kumbukumbu ndilo linaloharibiwa kwa urahisi zaidi. Aghalabu hugeuzwa njia ya mkato ya kumsimulia msomaji historia. Makala haya yanashikilia kwamba tambiko hilo hupata uzito pale tu linapomgharimu mtu, na kwamba gharama yake hudhihirika hasa katika lugha.

Katika *The Giver* (1993), riwaya ya Mmarekani Lois Lowry, jamii nzima imesahau rangi, vita na theluji. Kumbukumbu zote zimelimbikizwa kwa mzee mmoja, naye humpitishia Jonas, mvulana wa miaka 12, kwa kumwekea viganja mgongoni. Kumbukumbu inayotolewa humtoka mtoaji: akishamrithisha Jonas safari ya kuteleza juu ya theluji, mzee hanayo tena. Zaidi ya hayo, Jonas hupokea hisia pamoja na maneno yake. Anapopewa joto la jua pasipo kutajiwa chochote, jina lake humjia lenyewe. Nyumbani, anapowauliza wazazi kama wanampenda, hukosolewa kwa kutumia neno lisilo na maana mahususi. Kwa hiyo kila anachokipokea humwongezea msamiati asio na wa kuzungumza naye.

Frank Herbert, katika *Dune* (1965), anafuata njia nyingine. Jessica hunywa Maji ya Uhai, ambayo ni sumu, mbele ya Wafremen waliokusanyika, kisha hupokea maisha ya Ramallo na ya wanawake waliomtangulia. Tambiko lina fahari kubwa, lakini kumbukumbu hapa hunakiliwa tu. Hakuna anayepungukiwa nazo. Anayelipa ni Alia, aliye bado tumboni. Huzaliwa na lugha ya watu wazima, kumbukumbu za wengi zikiwa zimemtangulia yeye mwenyewe. Hapo, wala si katika shangwe za pangoni, ndipo Herbert anapotisha kweli.

Lowry naye ana mtoto wake, Gabriel. Jonas anambembeleza kwa kumpapasa mgongo, na bila kukusudia anampitishia kumbukumbu ya mashua ziwani. Anapoihisi ikififia akilini mwake, anauondoa mkono upesi. Hakuna chumba maalumu, hakuna mzee, na mpokeaji hajui neno hata moja. Tukio hilo fupi linaeleza asili ya tambiko kuliko mafunzo yote rasmi.

Kasoro ya Lowry iko kwingine. Jonas alikuwa amejaribu kumwonyesha rafiki yake Asher wekundu wa maua, na kumpa dada yake Lily picha ya tembo, yote yalishindikana. Gabriel anaweza, naye, kama Jonas na mzee, ana macho mepesi ya rangi. Riwaya inayoilaumu jamii kwa kumbebesha mtu mmoja kumbukumbu za wote inaacha uwezo wa kuzipokea uamuliwe na maumbile.