Bushi Kwanza, Alaimenti Mwisho

Tairi la mbele likianza kulika upande wa ndani, wenye magari wengi hukimbilia mashine ya alaimenti, na hapo ndipo fedha zinapopotea. Mashine hupima gari lililosimama, ilhali bushi iliyokufa huonyesha ubovu wake gari likiwa kwenye mwendo, hasa linapofunga breki. Tuchukue Toyota Probox, iliyoingia sokoni mwaka 2002 na ambayo nyingi sasa ni wazee wa barabara zetu. Kila gurudumu la mbele limeshikwa chini na amu moja yenye bushi mbili. Bushi ya nyuma ikichanika, kila ukikanyaga breki gurudumu husogea nyuma na kugeuka kidogo, hata ukiwa umeukamata usukani barabara. Karatasi ya vipimo haioni hilo. Tena, kwa gari hili, fundi wa mashine hurekebisha mwelekeo wa matairi ya mbele tu, kwa kuzungusha tairodi. Tairi likiwa limelala, namba nyekundu kwenye karatasi hiyo inakuelekeza kwenye amu au shokapu iliyopinda, springi iliyochoka au boljointi iliyolegea.

Wapo watakaosema alaimenti ni nafuu, bushi zisubiri mwisho wa mwezi. Kwa mtu anayelishwa na gari lake, hoja hiyo ina uzito. Lakini akija kubadilisha amu au tairodi, vipimo vya awali vinavurugika na analipa mara ya pili, huku tairi likiendelea kulika. Wengine hulaumu alaimenti kila gari linapovuta kushoto. Tanzania na Kenya tunaendesha upande huo, na barabara huinamishwa pembeni maji yatiririke. Kuvuta kidogo ni kawaida. Likivuta zaidi, pima upepo, kisha badilishanisha matairi mawili ya mbele. Mvuto ukihamia kulia, mbovu ni tairi.

Gari likiwa juu ya stendi, tikisa tairi kushoto na kulia: likicheza, kagua tairodi na raki. Likicheza juu na chini, kagua beringi na boljointi. Bushi zijaribiwe kwa mtaimbo. Kosa linaloua bushi mpya kuliko yote ni kukaza kabisa bolti za amu magurudumu yakiwa yananing'inia. Raba ya bushi imegandana na vyuma vyake, haizunguki bali hujisokota. Gari likishushwa, inabaki imesokotwa muda wote na huchanika mapema. Mwambie fundi wako azishikishe tu bolti hizo, azikaze kabisa gari likiwa limebeba uzito wake, ndipo uende kwenye mashine.