Ndege Isiyo na Nahodha

Siku hizi tunaambiwa kwamba akili mnemba itarusha ndege za abiria bila rubani. Watetezi wake husema binadamu huchoka na huogopa, ilhali mashine haina udhaifu huo. Hoja hiyo ina uzito. Nchini Rwanda, tangu mwaka 2016, vindege visivyo na rubani vimekuwa vikipeleka damu kwenye hospitali za vijijini. Sisi wa Kyimo, tunaojua matope na ukungu wa milimani, hatuwezi kulidharau jambo hilo. Lakini chupa ya damu ikianguka huletwa nyingine. Abiria hana badala yake.

Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia, aina ya Boeing 737 MAX, iliondoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Baada ya dakika 6 ilianguka, wakafa watu wote 157, wakiwamo Wakenya 32. Haikurushwa na akili mnemba, ila ilikuwa na programu iliyoweza kuinamisha pua ya ndege bila amri ya rubani. Programu hiyo ilitegemea kifaa kimoja tu cha kupimia. Kifaa kilipotoa kipimo cha uongo, programu ilikiamini. Marubani wakainua pua, nayo ikaiinamisha tena. Oktoba 2018 ndege ya aina hiyo hiyo ilikuwa imeanguka Indonesia kwa sababu kama hiyo, wakafa watu 189. Marubani wale hata hawakuwa wameelezwa kwamba programu hiyo ipo.

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, nilimpa alama nzuri mwanachuo aliyeweka kando andalio lake la somo alipoona darasa halimwelewi. Mashine ile ilifuata andalio lake mpaka mwisho.

Wahenga walisema nahodha wengi, chombo huenda mrama. Hawakusema chombo kisiwe na nahodha. Baada ya maafa yale programu ilirekebishwa ili ilinganishe vifaa viwili, na rubani aweze kuishinda nguvu. Basi wanaotaka kumwondoa rubani watuonyeshe kwanza ni nani, ndani ya ndege hiyo, atakayeitilia mashine shaka. Mpaka hapo, mimi nataka mbele yangu aketi mtu ambaye naye anatazamiwa nyumbani.